Kazi uliyoiacha kwenye seva: bado ipo, imestaki, au ilishakufa?

Hii ni kwa wale wenzangu ambao seva iko Ujerumani, we mwenyewe uko Mwanga hapa Kigoma, na katikati yenu kuna umeme, mvua na bando la simu. Umewasha kazi ndefu chinichini, inaingiza data au inapiga bakapu, afu netwaki ikakata, unarudi baadaye hujui imefikia wapi. Ntaenda kwa dalili, ila nianze na kisa changu maana toka siku hiyo sina tena haraka ya kuwasha upya.

Nilikuwa naingiza stoo ya duka moja la jumla, mistari 11,000 na ushee, skripti inasoma mstari, inaandika kwenye databesi, inaprinti namba ya mstari kwenye skrini. Jioni umeme ukakatika, rauta ikazima, skrini ikaganda kwenye 3,214. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaingia upya, nikapiga `jobs`, ikarudi tupu. Nikasema hii ishakufa, nikaiwasha tena ianzie 3,215, nikaenda zangu kula. Asubuhi mama mwenye duka anapiga simu, hata shikamoo yangu hajaipokea vizuri, "mwanangu, mbona mawese madumu 40 yamekuwa 80?" Kuangalia, bidhaa za juu kwenye orodha ziko sawa, za chini ziko sawa, za katikati, kuanzia 3,215 mpaka elfu sita na kitu, zote zimeingia mara mbili. Sasa kama ya kwanza ilikufa umeme ulipokatika, hizo za katikati kaandika nani?

Kumbe ya kwanza haikufa. Umeme ulikatika kwangu, sio Ujerumani. Rauta ilizima ghafla bila kuaga, kwahiyo seva haikuambiwa kitu, ikawa inajua mi bado nipo nimekaa kimya. Skripti ikaendelea kuprinti, seva ikawa inatuma zile namba hazipokelewi, inarudia kutuma, na Linux kwa kawaida inavumilia dakika kama 15 hivi ndo inakata tamaa na kufunga laini, hapo ndo kazi ikauawa. Ndani ya zile dakika zilikuwa zinaandika skripti mbili kwa pamoja. Na kama ingekuwa skripti ya kimyakimya isiyoprinti chochote ingeweza kukaa hata zaidi ya saa 2, sababu ile pigo ya kujaribu kama mwenzako yupo hai kwa kawaida inaanza baada ya sekunde 7,200.

Kwahiyo usiguse kitu kabla hujajua ile ya kwanza iko wapi.

Umerudi, `jobs` haina kitu

`jobs` inakuonyesha kazi za shell hii uliyofungua sasa hivi tu, ile ya jana au ya kabla ya umeme kukatika haiwezi kuijua hata kama ipo inachapa kazi. Piga hii:

`ps -eo pid,ppid,tty,lstart,etime,stat,cmd | grep '[i]ngiza.py'`

Yale mabano ya mraba kwenye herufi ya kwanza sio urembo, bila hayo grep inajiona yenyewe kwenye orodha unafurahi kazi ipo kumbe ni kivuli chako. Nimeona mtu kakaa siku nzima anasubiri grep yake imalize.

Ukipata mstari, angalia `lstart`, ndo muda ilipoanza, ulinganishe na unachokumbuka, na `tty`. Ikiwa `?` ina maana haijafungwa na terminali yoyote, hiyo iko salama. Ikiwa `pts/0` au `pts/1`, hukuiwasha ndani ya tmux, na we saivi uko kwenye nyingine, ujue imening'inia kwenye terminali ya ile laini iliyokatika na muda wowote inaweza kuuawa. Hapo una mambo mawili, ama uiache ukiwa umeandika pembeni kwamba inaweza kufa, ama uihamishie kwenye terminali yako kwa `reptyr` ukifuatisha namba ya prosesi, kwenye Ubuntu hiyo mara nyingi inataka sudo. Mi ningeihamisha ndani ya tmux, programu inayoiweka terminali ibaki kwenye seva hata laini yako ikikatika.

Wengine wanategemea faili la PID, yaani namba ya prosesi, skripti inaandika namba yake pale mwanzoni. Sio mbaya, ila namba kwenye faili haimaanishi mwenye namba yupo, prosesi ikiuawa kwa nguvu faili linabaki, na namba yenyewe inaweza ikapewa prosesi nyingine kabisa. Piga `ps -p NAMBA -o lstart,cmd` usome jina.

Na wale wa tmux, mnarudi mnapiga `tmux ls` inasema hakuna seva ya tmux, mnashtuka. Kabla ya kushtuka angalia `whoami`. Kila yuza ana tmux yake, ukiwa uliiwasha kama root na saivi umeingia kwa jina lako huwezi kuiona. Kama yuza ni yule yule, piga `uptime -s` uone seva iliwaka saa ngapi, maana tmux inavumilia netwaki kukata ila haivumilii seva kuzimwa na kuwashwa.

Haipo kabisa. Imemaliza au imeuawa?

Hapa ndo penye kazi, kwasababu iliyomaliza na iliyouawa zote zinaonekana sawa, hazionekani. Anza na mambo ya bure: `uptime -s` kama nilivosema, au `last -x reboot`. Seva ikiwa imewaka upya saa moja iliyopita, hamna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Kama seva haijawaka upya, tafuta mkono wa keneli, yaani moyo wa Linux yenyewe:

`sudo dmesg -T | grep -i 'killed process'`

Ukiona mstari wenye `Out of memory: Killed process` na jina la kazi yako, RAM iliisha na keneli ikachagua wa kumtoa kafara. Hizi seva za bei chee za RAM ya GB 1 hilo ni jambo la kila siku, unaingiza faili kubwa lote kwa mpigo, databesi nayo inataka yake, mmoja lazima aondoke. Na usome vizuri jina lililoandikwa pale, wakati mwingine aliyeuawa ni databesi, kazi yako ikafa baadaye kwa kukosa wa kuongea naye, we ukaishia kulaumu skripti. Dawa ni kusoma faili kidogokidogo, au kuongeza swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM, au kulipia RAM. Swapu inaokoa ila inafanya kila kitu kiende kwa mwendo wa treni ya kuja huku mwisho wa reli.

Kama keneli haina habari, basi mara nyingi ni ile ya laini kukatika, signali ya SIGHUP, ujumbe wa kuiambia prosesi kwamba terminali yake imeondoka. Hapa kuna kitu kinachanganya sana watu: umewasha kazi na `&` mwishoni, ukatoka vizuri kwa `exit`, kesho ukaikuta ipo. Siku nyingine umewasha vile vile, netwaki ikakata, ukakuta haipo. Unaona kama seva ina mapepo. Ukweli ni kwamba bash ukiiaga kwa `exit`, kwa kawaida haiziui kazi za chinichini, ila laini ikikatika yenyewe inapokea SIGHUP na inazigawia kazi zake zote. Kwahiyo `&` peke yake sio kinga, tena hata iliyobaki ikijaribu kuprinti kwenye terminali ambayo haipo tena inapata kosa na inaweza kufa hapo hapo. Kinga ya haraka ni hii, inahamisha mikondo yote mitatu, kinachotoka, makosa na kinachoingia:

`nohup python3 -u ingiza.py > stoo.log 2>&1 < /dev/null &`

Ukiacha ile `< /dev/null` na unaituma kwa mstari mmoja wa ssh, wakati mwingine ssh yenyewe inaganda haikurudishii terminali, watu wanaipiga Ctrl-C kwa hasira afu wanajiuliza.

Kuna seva nyingine hata nohup haisaidii. Systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, toka toleo la 230, la 2016, iliweka kwamba yuza akitoka prosesi zake zote zifagiliwe, Debian na Ubuntu wakaizima hiyo tabia ila sio kila mtu kaizima. Angalia `KillUserProcesses` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`. Na kama kazi yako ni ya `systemctl --user`, inaondoka na wewe ukitoka mpaka upige `loginctl enable-linger` na jina lako.

Halafu namba. Prosesi ikitoka inaacha namba, 0 ni amani, nyingine zote ni kesi. 127 komandi haikupatikana, 126 ipo lakini hairuhusiwi kuendeshwa, 130 kuna mtu kapiga Ctrl-C, 143 iliombwa iondoke kistaarabu, 137 iliuawa kwa kill -9 na huyo mara nyingi ni yule yule wa RAM. Kanuni yake ni 128 ukijumlisha namba ya signali. Ila hiyo namba inapotea kama hukuiandika, kwahiyo mi siku hizi mwisho wa kila skripti ya shell naweka `echo "imetoka na $? $(date)" >> stoo.log` mara tu baada ya komandi kuu. Kutokuwepo kwa mstari huo ndo jibu lenyewe, ina maana hata skripti mama iliuawa.

Ipo, ila haisogei

Hii dalili ndo inaua kazi nyingi zisizo na hatia. Mtu anaona logi haijaongezeka nusu saa, anapiga kill, kumbe ilikuwa imebakiza kidogo.

Kwanza logi yenyewe inadanganya. Programu ikiandika kwenye skrini inatoa mstari kwa mstari, ikiandika kwenye faili inakusanya kwanza, mpaka ijaze maelfu ya herufi ndo inamwaga kwa mpigo. Kwahiyo logi tupu kwa dakika 20 haimaanishi kitu. Kwa Python weka `-u` kama nilivoweka pale juu, kwa programu nyingi za C jaribu `stdbuf -oL`. Na jua kwamba ukiiua kwa -9, yale yaliyokuwa hayajamwagwa yanapotea, kwahiyo mstari wa mwisho kwenye logi sio lazima uwe mstari wa mwisho uliofanyika. Mi zamani nilikuwa naanzia pale logi ilipoishia, siku hizi naiuliza databesi.

Pili angalia herufi kwenye safu ya `stat`. R inafanya kazi kweli, na kama `top` inaonyesha iko 100% muda wote huku hakuna kinachoandikwa, inawezekana inazunguka mahali pamoja. S imelala inasubiri kitu, hiyo ni kawaida kabisa, prosesi nyingi muda mwingi ziko S. Swali ni inasubiri nini. Kwa kazi za databesi jibu mara nyingi ni kufuli: ingia MySQL upige `SHOW FULL PROCESSLIST;`, ukiona `Waiting for table metadata lock` ujue kuna mwingine kashikilia jedwali, na uwezekano mkubwa mwingine huyo ni wewe mwenyewe kwenye dirisha uliloacha wazi mchana. PostgreSQL nenda `pg_stat_activity` uangalie `wait_event_type`.

T imesimamishwa. Hii inatokea hivi: kazi iko chinichini ikataka kukuuliza swali, labda ndio au hapana, labda paswedi, na kazi ya chinichini hairuhusiwi kusoma kutoka kwenye terminali, kwahiyo keneli inaisimamisha hapo hapo. Itakaa hivo mpaka Yesu arudi. Irudishe mbele kwa `fg` kama bado uko kwenye shell ile ile, ujibu swali, au uiue uiwashe na bendera ya kutokuuliza maswali.

D ni kusubiri diski au faili za netwaki, na prosesi ikiwa D hata kill -9 haisikii mpaka ile diski ijibu. Ukiiona D sekunde moja moja wala usijali, ila ikikaa D dakika 10 tatizo sio kazi yako tena, ni diski au ile seva ya mafaili mliyoiunganisha, nenda `dmesg` ukasome. Z ni zombi, hiyo ilishakufa, imebaki jina tu sababu mzazi wake hajaja kuchukua namba yake, haili RAM wala CPU, muulize mzazi, yaani `ppid`.

Tatu, na hii ndo naipenda, pima kama inasogea bila kuigusa. `cat /proc/NAMBA/io`, subiri sekunde 10, piga tena. `wchar` au `write_bytes` ikiongezeka, iko hai inaandika, muache mtoto wa watu. Ukitaka kujua imefikia wapi, piga `ls -l /proc/NAMBA/fd` uone mafaili iliyofungua, sema faili la stoo ni namba 3, afu `cat /proc/NAMBA/fdinfo/3`. Pale kuna neno `pos`, ndo imesoma mpaka baiti ya ngapi. Faili lako ni baiti 9,000,000 na pos iko 4,500,000, uko nusu njia. Ningelijua hili siku ile ya mawese nisingepigiwa simu asubuhi.

Wanaotumia `dd`, `kill -USR1` inaifanya iseme ilipofikia. Msijaribu hiyo kwenye programu msiyoijua, nyingi USR1 inaziua.

Ilitakiwa kuanza usiku, haikuanza. Au ilianza saa ya ajabu

Sisi Waswahili tuna tatizo letu hapa ambalo wazungu hawana. Dogo ninayefanya naye kazi nilimwambia bakapu iwe saa 2 usiku, duka linakuwa limeshafungwa. Akaandika kwenye crontab, ratiba ambayo cron inaisoma kuwasha kazi zenyewe, `0 2 * * *`, kasahau kwamba saa yetu 2 ni 20 ya kompyuta, na juu ya hapo seva iko kwenye UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu masaa 3. Kwahiyo bakapu ikawa inaanza saa 11 alfajiri, na kwa ukubwa wa ile databesi saa 2 asubuhi duka linafunguliwa bado inaendelea, mashine ya kuuzia inajivuta, na sisi wiki nzima tunalaumu intaneti. Dogo anasema "kaka mbona nimeweka 2 kama ulivosema", na kweli kaweka 2.

Nikatengeneza kanuni ya kichwani, seva ikiwa UTC. Saa ya Kiswahili ya mchana ongeza 3: saa 1 asubuhi unaandika 4, saa 12 jioni unaandika 15. Saa ya usiku ongeza 15, na ukifika 24 au kuzidi toa 24: saa 2 usiku ni 17, saa 8 usiku ni 23, saa 9 usiku ni 0, saa 11 alfajiri ni 2, ambayo ndo hiyo hiyo ya dogo. Angalizo moja, saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu kwa seva bado ni Jumapili, ukiwa umeweka siku ya wiki zingatia.

Au acha hesabu, piga `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` uirestati cron, mambo yawe ya EAT, saa za Afrika Mashariki. Kama seva mmechangia na watu wengine usifanye hivo bila kuwaambia. Na wale ambao seva imewekwa saa za Ujerumani kabisa, kazi zenu zitahama saa moja kila mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, wenzetu wanasogeza saa, sisi hatusogezi.

Saa ikiwa sawa na bado haijaanza, `journalctl -u cron --since yesterday`, kwenye familia ya Red Hat ni `crond`. Ukiona mstari wenye komandi yako, cron ilianza kazi yake, kilichofeli ni komandi. Hapo wahalifu ni wale wale: cron ina PATH fupi sana, `/usr/bin:/bin` hivi, kwahiyo programu uliyoiweka `/usr/local/bin` haiioni, andika njia nzima. Halafu alama ya asilimia. Ukiandika `bakapu-$(date +%F).sql` kwenye crontab inakatwa pale pale kwenye %, sababu kwa cron hiyo alama ni kama kushuka mstari, lazima iwe `\%`. Ukiipiga kwa mkono inakubali, kwa cron inagoma, unaweza kulia.

Imemaliza na 0, ila matokeo hayapo

Bakapu ya `mysqldump ... | gzip > bakapu.sql.gz`. Kila usiku 0, kila usiku amani, siku unataka kuirudisha faili lina baiti 20. Baiti 20 ndo gzip inazotoa ikipewa hewa. Mysqldump ilifeli, labda paswedi ilibadilishwa, ila kwenye paipu, ile alama `|`, namba inayohesabika ni ya wa mwisho, na gzip yeye kazi yake kaifanya vizuri tu, kabana hewa. Weka `set -o pipefail` juu ya skripti ya bash, na uthibitishe kwa `zcat bakapu.sql.gz | tail -n 1`, mysqldump ikiwa imefika mwisho inaacha mstari wa `-- Dump completed`. Huo mstari ndo nauamini kuliko 0.

Diski kujaa inaleta dalili hizi hizi. `df -h`, na kama inaonyesha nafasi ipo lakini bado inalia haina nafasi, `df -i`, mafaili madogomadogo yamemaliza inodi, zile nafasi za kusajili mafaili. Umefuta logi kubwa na nafasi haijarudi? Kuna prosesi bado imeishikilia, `sudo lsof +L1` inakutajia jina, ukiirestati nafasi inarudi.

Namna ninavowasha saivi

Kazi za kukaa nazo naangalia bado nawasha ndani ya tmux, `tmux new -s stoo`, Ctrl-b afu d kuiacha, `tmux attach -t stoo` kurudi. Kwenye laptopu nimeweka `ServerAliveInterval 30` ndani ya `~/.ssh/config` ili laini ikifa nijue ndani ya dakika na nusu badala ya kukodolea skrini iliyoganda. Kwa siku za mvua mosh, mbadala wa ssh unaovumilia netwaki mbovu, ni nzuri, ila inatumia UDP bandari 60000 mpaka 61000 lazima uzifungue kwenye seva.

Kazi ya kuacha usiku naipa systemd:

`sudo systemd-run --unit=stoo --uid=duka -p RemainAfterExit=yes flock -n /tmp/stoo.lock python3 -u /home/duka/ingiza.py`

Hiyo haina terminali ya kukatikiwa, inaandika yote kwenye jono, logi ya systemd yenyewe, inatunza namba ya kutokea, na ile flock inakataa nakala ya pili kama ya kwanza bado imeshika kufuli, hiyo ndo ingeniokoa. Ukitaka kutumia jina lile lile tena, `systemctl stop stoo` kwanza, na kama ilifeli, `systemctl reset-failed stoo`.

Kuangalia, usitumie `is-active` hapa. Kwa sababu ya RemainAfterExit itasema active hata kama ilishamaliza, na bila RemainAfterExit iliyomaliza salama inakuwa inactive sawa na ambayo haijawahi kuanza. Uliza hivi:

`ssh duka 'date; systemctl show stoo -p SubState -p Result -p ExecMainStatus; journalctl -u stoo -n 2 --no-pager'`

`running` inaendelea, `exited` na ExecMainStatus 0 imemaliza, `failed` nenda kwenye Result, ukikuta `oom-kill` unajua ni RAM, ukikuta `signal` kuna aliyeiua. Kama mistari ya jono haitoki, yuza wako hana ruhusa ya kuisoma, muongeze kwenye kundi la `systemd-journal`. Inakula KB chache tu, dogo anaipiga kwa Termux, terminali ya kwenye simu, akiwa kwenye bajaji ya Ujiji, na `date` nimeiweka pale mwanzo makusudi maana bado kuna siku ananiuliza hiyo 17 ni saa ngapi.